Fundi Anajibu: Mikono ya Ferguson

SWALI: Papa Fundi, nakusalimu. Marehemu baba alituachia trakta nyekundu shambani, njia ya Kasenga. Wazee wanaiita Ferguson, vijana wanaiita Massey. Pua yake ni ya mviringo, injini ina injekta tatu na inawaka vizuri. Lakini tangu tulipofungua mashine ya kusaga mahindi iliyokuwa inazungushwa kwa nyuma, mikono ya kubebea plau haiinuki kabisa. Fundi anataka tununue pampu mpya, na mvua imekaribia.
Mama wa Ruashi, Lubumbashi

JIBU: Mama, pole sana kwa msiba. Pesa ya pampu ishike kwanza. Hayo maneno ya mashine ya kusaga nimeyasoma mara mbili. Kwenye trakta hii, pampu ya haidroliki, yaani ya oili inayoinua mikono, inazungushwa na shafti ileile ya nyuma iliyozungusha mashine yenu. Nadhani aliyefungua mashine aliitoa shafti kazini, akafanya vema, ila pampu nayo ikasimama.

Wenzo wa kuirudisha shafti kazini uko ubavuni kushoto, chini, karibu na kisigino cha dereva. Funika kwanza ncha ya shafti, na mwenye kitenge asisogee nyuma: nguo ikinaswa, mguu unafuata. Kanyaga klachi hadi mwisho, ingiza, achia polepole, ndipo upandishe mikono. Ikikataa, chomoa kijiti cha oili. Giaboksi na haidroliki vinatumia oili moja. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, imwagwe yote.

Kuhusu jina, wote wamesema kweli. Hiyo mikono ndiyo kazi ya Harry Ferguson, mtoto wa mkulima wa Ireland. Zamani plau ilikokotwa tu nyuma; ikigonga kisiki, trakta iliweza kuinua pua na kumwangukia dereva. Yeye aliishika plau kwa nondo tatu, na ule wa juu unasukuma pua irudi chini. Mimi nimelima penye visiki vya miombo na Massey Ferguson 35 ya mjomba wangu, nikausikia mshtuko ule ukipita chini ya kiti huku magurudumu ya mbele yakibaki ardhini. Namheshimu sana mtu huyo.

Trakta zake za kijivu, TE20, zilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya 500,000. Mwaka 1953 kampuni yake iliungana na Massey-Harris ya Kanada, na 1958 jina likawa Massey Ferguson.

Ya baba ni 35. Injekta tatu, moja kwa kila silinda, ni za Perkins, injini iliyokuja 1959 badala ya ile ya silinda nne iliyosumbua kuwaka asubuhi za baridi. Mwishoni mwa 1964 ilikuja 135, yenye pua ya mraba. Basi yenu ni ya kati ya miaka hiyo. Namba yake iko kwenye kibati cha dashibodi. Kifute kwa kitambaa chenye mazutu, usikikwangue kwa kisu, halafu niandikie.