Makoti, Nyama ya Kopo na Kalamu ya Mchoraji: Majibu kwa Wasomaji

Wasomaji kadhaa wameuliza kuhusu katuni za enzi za Malkia Victoria zilizokejeli ugavi mbovu wa jeshi la Uingereza.

Swali: Katuni ipi ilitia fora?

Jibu: Ni ile ya John Leech iliyotoka katika jarida la Punch mwezi Februari 1855, wakati wa Vita vya Crimea, ambapo Uingereza na washirika wake walipigana na Urusi. Askari wawili waliovaa matambara wamesimama kwenye theluji. Mmoja anampa mwenzake habari njema kutoka nyumbani, kwamba watatunukiwa nishani, naye mwenzake anajibu kuwa huenda siku moja wakapata na koti la kuitundika. Mzaha huo ulikuwa na mizizi, kwani nishani ya Crimea ilianzishwa Desemba 1854, majira yale yale ya baridi ambapo askari waliouzingira mji wa Sevastopol walikuwa wakiteketea kwa maradhi na baridi.

Swali: Ni nani aliyeiba makoti hayo?

Jibu: Kwa sehemu kubwa hayakuibwa. Shehena ya nguo za baridi ilizama pamoja na meli iitwayo Prince katika dhoruba ya Novemba 14, 1854, karibu na bandari ya Balaklava. Makoti mengine yalibaki ghalani kwa sababu kanuni ilimruhusu askari koti moja tu kila baada ya miaka mitatu. Kahawa nayo ililetwa mbichi, ikagawiwa kwa watu wasio na kuni za kuikaangia. Na farasi wa kubeba mizigo walipokufa kwa kukosa malisho, hata vitu vilivyokwisha kufika bandarini havikuweza kupanda hadi kambini. Idara ya ugavi ilikuwa imewekwa chini ya Hazina, iliyozoea kulinda senti. Kwa maoni yangu, Leech alifanya vyema kutomchora mwizi yeyote: angemchora, msomaji angepata mtu mmoja wa kumlaani na kuusahau urasimu.

Swali: Kwa hiyo wazabuni walikuwa watu safi?

Jibu: La hasha. Mwaka 1852 makopo ya nyama ya mzabuni Stephen Goldner, aliyekuwa akishinda zabuni za jeshi la majini kwa bei ya chini, yalifunguliwa huko Gosport, Uingereza, na mengi yalikutwa yameoza.

Swali: Je, katuni ya Leech iliiangusha serikali?

Jibu: Kalenda inakataa. Bunge lilipiga kura Januari 29, 1855, 305 dhidi ya 148, kuunga mkono hoja ya John Arthur Roebuck ya kuchunguza hali ya jeshi, na Waziri Mkuu Aberdeen akajiuzulu kabla katuni hiyo haijachapishwa. Taarifa za William Howard Russell katika gazeti la The Times zilikuwa zimekwisha kuwachemsha wananchi. Leech aliipa hasira hiyo sura.

Swali: Wamarekani je?

Jibu: Huko ulaghai ulikuwa bayana zaidi. Mwaka 1861, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vilipoanza, baadhi ya sare zilizouzwa kwa majeshi ya Kaskazini, yaani ya serikali kuu, zilishonwa kwa masalia ya sufu yaliyoshindiliwa, zikachanika upesi, na wachoraji wakawageuza wazabuni matajiri kuwa kichekesho. Machi 1863 ilipitishwa sheria iliyompa raia anayefichua madai ya uongo dhidi ya serikali nusu ya fedha zitakazorejeshwa, na sheria hiyo, ingawa imerekebishwa, ingali inatumika.