Kikague kichwa kabla hujakitia maji

Mteja akishavua mtandio na kukaa kitini, mkono wa msusi mgeni hukimbilia chupa ya maji au kopo la mafuta. Uzuie. Maji huvunja mkunjo ukashindwa kujua nywele zenyewe zikoje, na mafuta hulaza mba ukadhani kichwa ni safi. Kichwa hukaguliwa kikavu, penye mwanga, kwa vidole kabla ya kitana. Saluni zetu nyingi hapa Unguja zimo majumbani, pazia limeshushwa mlangoni ili wanawake wakae kwa raha, kwa hiyo mwanga wenyewe ni wa taa. Nunua taa nyeupe. Chini ya ile ya manjano kila ngozi huonekana nzima.

Watu hugawa nywele mafungu mawili, za singa na za kipilipili, na mteja atakwambia "zangu ngumu" kabla hujazigusa. Mgawo huo haumsaidii msusi. Visiwa hivi vimekutanisha watu wa kila upande wa Bahari ya Hindi, na utakuta mtu huyo huyo mmoja kisogoni ana mikunjo ya kubana, utosini ana mawimbi tu. Wewe tafuta unene wa unywele mmoja, wingi wake kichwani, namna zinavyokunywa maji na namna zinavyovutika. Unene na wingi ndivyo vinavyowachanganya wanaoanza. Kichwa kinaweza kujaa nywele tele huku kila unywele ni mwembamba kiasi kwamba ukiuviringa kati ya vidole huusikii. Hizo ndizo zinazolewa dawa ya kunyoosha haraka na kukatika chini ya rasta nzito, na mwenyewe hukuapia kwamba nywele zake zina nguvu.

Ukishamaliza kukagua kikavu, lowesha unywele mmoja na uuvute taratibu. Ulio mzima huvutika kama theluthi moja ya urefu wake kisha ukarudi. Unaokatika papo hapo umekauka. Unaovutika kama ute wa bamia usirudi tena, huo umekwisha ndani, na kichwa hicho hakitiwi dawa wala rangi hata mteja alie. Kuhusu kunywa maji, nyunyiza kidogo uangalie: matone yakikaa juu, gamba la nje la nywele limejifunga, yakizama mara moja, limefunguka, na nywele hizo zitakunywa kila kitu na kukauka upesi. Ile ya kutumbukiza unywele kwenye gilasi uone kama unaelea, inayosambaa mitandaoni, achana nayo. Mafuta kidogo tu yaliyobaki yanatosha kuuelesha.

Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Basi za sentimita 25 ncha zake zina miaka miwili hivi: zimepita Idd nne, na kila Idd na moto wake. Ndiyo maana dawa ya kunyoosha haipakwi shina hadi ncha kila mara. Retachi, yaani kurudia dawa, ni ya nywele mpya peke yake, baada ya wiki 8 hadi 12. Ngozi ya kichwa ina pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ya kama 5, na dawa zenye hidroksidi ya sodiamu hufika 13 na zaidi. Kila hatua moja ya pH ni mara kumi, kwa hiyo hapo huchezi na kitu kidogo. Kabla ya dawa kichwa kisioshwe siku hiyo, kisikunwe, na kikiwa na kidonda hata kimoja mteja arudi nyumbani. Wiki ya mwisho ya Ramadhani utaletewa wateja waliojikuna usiku kucha wakitaka dawa leo leo. Wakatalie.

Na maji yetu nayo. Visima vingi vya hapa vinachota maji yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, sabuni haifanyi povu la maana na nywele hubaki kavu. Suuza la mwisho lifanye kwa maji ya mvua ukiyapata, au tia kijiko kimoja cha siki kwenye lita moja ya maji. Tofauti utaiona kwenye kitana.

Sasa ngozi. Mba hutoa unga au magamba, huwasha, lakini nywele zinabaki mahali pake. Chanzo chake ni hamira wa ngozi, aina ya fangasi, anayeishi kwenye kichwa cha karibu kila mtu na anayekula mafuta, na ndiyo maana kumpaka mteja mafuta zaidi kichwani ni kumlisha huyo. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa nywele zenyewe, yapake kwenye nywele, si kwenye ngozi yenye mba. Shampuu yenye ketokonazo, dawa ya fangasi, ikae dakika tano kabla ya kusuuzwa. Wengi huisuuza hapo hapo kisha wakasema haifai. Uliza pia anakoga saa ngapi. Mwanamke aliyesukwa akikoga josho alfajiri, akafunga ushungi nywele bado mbichi na kwenda kazini, kichwa chake kinabaki na joto na unyevu mpaka mchana. Mwambie atenge muda wa kuzikausha, akianza na mashina. Na kama unamsuka, msuke mafungu ambayo maji yatapita hadi kwenye ngozi, maana hilo kwake ni la ibada. Wengine hawataki nywele za kuunganisha kwa sababu hiyo hiyo ya dini; uliza kabla hujafungua pakiti ya rasta.

Mapunye ni jambo jingine kabisa. Huwapata zaidi watoto, na watoto wetu wanavuana kofia kwenye chuo cha Kurani na kuchangia kitana nyumbani. Tafuta duara lenye magamba ambamo nywele zimekatika karibu na ngozi zikaacha vidoa vyeusi. Hapo acha. Usisuke, usinyoe kwa mashine yako, usipake kitu. Fangasi wa mapunye amo ndani ya unywele wenyewe, krimu ya juu peke yake haimfikii, na mtoto anahitaji vidonge kutoka kwa daktari kwa wiki kadhaa. Ndimu na spiriti ambazo mama amekuwa akimpaka zinamuunguza bure. Ukiona uvimbe laini wenye usaha, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani ukichelewa nywele za hapo huenda zisirudi.

Chawa ni rahisi: gamba la mba ukilipuliza linaondoka, yai la chawa limegandia unywele na halitoki mpaka ulivute kwa kucha.

Nataka ukae zaidi kwenye ukingo wa paji la uso, maana huko sisi wasusi ndio tunaoharibu. Kuna msemo wa saluni kwamba msuko usiouma hautadumu. Si kweli. Msuko unaouma unang'oa. Dalili za mwanzo ni vipele vidogo kwenye mashina, kisha nywele fupi laini zinabaki mstari mwembamba mbele na nyuma yake pameachia. Hapo bado pana matumaini: legeza, pumzisha, usirudie mtindo ule ule. Ngozi ikishakuwa laini na kung'aa bila vitundu, shina limekufa. Upara unaoanzia utosini na kutambaa kwenda nje, hasa ukifuatana na kuwaka moto au maumivu, hauhusiani na kubana peke yake. Mpeleke kwa daktari wa ngozi mapema, kwa sababu nao huacha kovu. Aliyejifungua miezi mitatu iliyopita akaja analia kwamba ametupiwa jicho, nywele zinatoka kwa mafundo, mtulize. Nyingi zilichelewa kupukutika wakati wa ujauzito na sasa zinatoka pamoja. Zitarudi.

Kisha piko, yaani michoro myeusi ya mwilini. Hapa kwetu hakuna harusi bila hina, na siku hizi wengi hutaka iliyo nyeusi. Hina halisi hutoa rangi ya kahawia nyekundu. Weusi huo hutoka kwenye rangi ya kemikali, mara nyingi parafenilinidiamini, ile ile iliyomo kwenye rangi nyeusi za nywele. Mwili ukishaikataa mara moja hauisahau. Kwa hiyo kabla ya kumtia mtu rangi muulize: "Umeshachorwa piko ukawashwa au ukatoka malengelenge?" Akisema ndiyo, usimtie, hata tone. Akisema hapana, bado mpake kidogo nyuma ya sikio ungoje saa 48. Bi harusi anayekuja kutiwa rangi siku moja kabla ya kutolewa ukumbini hana saa hizo, na jibu lake ni hapana, hata somo wake, yaani kungwi wake, akununie.

Vitana vioshe kwa sabuni kwanza ndipo uviroweke kwenye dawa ya klorini, kwani uchafu na mafuta hudhoofisha dawa. Wembe ni mmoja kwa mtu mmoja, na huyo mtoto wa siku saba anayenyolewa kwa akika naye apate wake mpya.

Usitaje ugonjwa kwa sauti. Saluni imejaa masikio, na kichwa cha mtu kitafika Mwanakwerekwe kabla yake mwenyewe. Inama, sema pole pole: "Dada, hapa nyuma ya sikio naona pamebadilika, mimi si daktari, ningependa uoneshe hospitali ya Mnazi Mmoja kabla sijasuka." Aliyetoka Pemba mwambie Chake Chake. Usimtoze kwa ukaguzi. Mpige picha ya mahali hapo kwa simu yake, si yako, ili daktari aone palivyokuwa.