Wi-Fi ya Linux inashika ukiwa ubavuni mwa ruta tu: usinunue kadi mpya kwanza

SWALI: Kaka, habari za kazi. Nina steshenari ndogo hapa Majengo, Moshi. Nilinunua Arusha laptopu ya HP 15 iliyokwisha kutumika. Windows yake ilikuwa nzito mno, kijana mmoja akaniwekea Linux Mint na sasa inakimbia vizuri. Shida ni Wi-Fi. Nikiiweka kwenye meza yenye ruta inashika. Nikiipeleka kwenye mashine ya fotokopi, hatua nne tano tu, inabaki na mstari mmoja halafu inakata. Simu yangu inashika ruta hiyo hiyo mpaka uani. Fundi wa kwanza kasema kadi ya Wi-Fi imekufa, ninunue nyingine. Wa pili kasema nirudishe Windows. Nimsikilize yupi?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Nzuri dada, pole na usumbufu. Usimsikilize yeyote kati yao kwanza. Kadi iliyokufa haishiki hata ukiibandika kwenye ruta. Yako inashika, kwa hiyo redio yake ni nzima na draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, ipo. Ruta nayo haina kosa, maana simu inaifikia hadi uani. Kinachobaki kushukiwa ni antena, na kwenye HP nyingi za katikati ya miaka ya 2010 dalili unazozieleza ni za chipu moja maarufu kwa usumbufu huu: Realtek RTL8723BE.

Thibitisha kabla ya kugusa chochote. Bonyeza Ctrl+Alt+T kufungua terminali, dirisha la kuandikia amri, kisha andika:

lspci -nnk | grep -iA3 net

Zitatokea kadi mbili, ya waya na ya Wi-Fi. Kama nimekisia sawasawa, mistari ya Wi-Fi itakuwa na maneno haya:

Realtek Semiconductor Co., Ltd. RTL8723BE PCIe Wireless Network Adapter [10ec:b723]
Kernel driver in use: rtl8723be

Cha kuangalia zaidi ni ile namba 10ec:b723, ndiyo kitambulisho cha chipu. Stika iliyo chini ya laptopu haitakusaidia, hasa kwa mashine iliyopita mikononi mwa watu; huenda kadi ilishabadilishwa na stika ikabaki ya zamani.

Sasa sababu. Kadi hii ina vituo viwili vya kuchomekea waya wa antena, lakini baadhi ya laptopu zilitoka kiwandani na waya mmoja tu. Hilo peke yake si kosa. Kosa ni kwamba ndani ya kadi kuna kumbukumbu ndogo inayoiambia draiva itumie kituo kipi, na kwenye mashine hizo iliandikwa kile kisicho na waya. Draiva ya Linux inaisoma kumbukumbu hiyo na kuitii. Ndiyo maana laptopu yako inasikia ruta iliyo karibu tu, kama mtu aliyeziba masikio kwa pamba. Draiva ya Windows haikumbwi na mkanganyiko huo, kwa hiyo fundi wa pili alikuwa na nusu ya ukweli: kurudisha Windows kungeponya Wi-Fi, na kungekurudishia ule uzito ulioukimbia.

Walioandika draiva ya Linux wanalijua tatizo hili. Larry Finger, Mmarekani aliyezitunza draiva za Realtek kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 2024, alishughulika nalo sana, na ndani ya draiva kuna kigezo kiitwacho ant_sel cha kuilazimisha itumie antena unayoitaka wewe. Thamani yake ya kawaida ni 0, yaani fuata kumbukumbu ya kadi. Ukiweka 1 au 2, unachagua mwenyewe.

Pima kabla na baada, la sivyo utabaki unabahatisha. Iweke laptopu pale kwenye fotokopi, mahali panapokuudhi, uandike:

nmcli -f SSID,CHAN,SIGNAL dev wifi list --rescan yes

Safu ya SIGNAL ni alama kati ya 100. Andika kwenye karatasi alama ya ruta yako, na uhesabu mitandao ya majirani inayoonekana. Hiyo ya majirani ni kipimo kizuri kuliko watu wanavyodhani. Mtaa kama Majengo, simu inaona mitandao kibao; laptopu ikiona mmoja au hakuna, tatizo ni sikio lake.

Kisha jaribu, ukizipa amri hizi mbili kwa kufuatana:

sudo modprobe -r rtl8723be
sudo modprobe rtl8723be ant_sel=2

Ya kwanza inaitoa draiva, ya pili inairudisha ikiwa imeambiwa itumie antena namba 2. Utaulizwa neno la siri, na unapoliandika halionekani kwenye kioo, usishtuke. Amri ya kwanza ikilalamika kuwa moduli inatumika, zima Wi-Fi kwa nmcli radio wifi off, rudia, kisha iwashe kwa nmcli radio wifi on. Subiri sekunde kumi na tano hivi, upime tena hapo hapo bila kusogeza laptopu. Ikiwa antena ndiyo yenyewe, hutahitaji kukodoa macho: alama inapanda ghafla na majirani wanajitokeza wote. Isipobadilika, rudia amri zile zile ukiweka ant_sel=1. Jaribio hili halina hatari, kwa sababu ukizima na kuwasha mashine kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa.

Ukishaijua namba inayofaa, ifanye ya kudumu. Tuseme ni 2:

echo "options rtl8723be ant_sel=2" | sudo tee /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf

Watu hukosea hapa kwa namna tatu. Wanaandika option bila s mwishoni, na mstari wote unapuuzwa. Wanalipa faili jina lisiloishia na .conf, nalo halisomwi. Au wamefuata maelekezo ya watu wawili tofauti, sasa kuna mafaili mawili, moja linasema 1 na jingine 2. Kwa hiyo ukishawasha mashine upya, hakikisha:

cat /sys/module/rtl8723be/parameters/ant_sel

Ikijibu 2, imeshika. Faili hili linabaki hata Mint ikisasisha kerneli, yaani kiini cha Linux, ila ukifuta na kusimika mfumo upya linapotea. Uandike ule mstari nyuma ya daftari la mauzo.

Baada ya hapo inawezekana ukapata usumbufu wa pili, ambao si wa antena: mistari imejaa, lakini ukiiacha mashine kidogo bila kuitumia, ukurasa wa kwanza unachelewa kufunguka au mtandao unakata na kurudi. Hiyo ni kadi kujilaza ili itunze betri. Kwenye mashine ya dukani inayokaa kwenye chaji muda wote haina faida yoyote, izime. Fungua faili hili:

sudo nano /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf

Badilisha wifi.powersave = 3 iwe wifi.powersave = 2, hifadhi kwa Ctrl+O, toka kwa Ctrl+X. Tatu maana yake tunza umeme, mbili maana yake usitunze. Na ule mstari wa draiva, ulio kwenye /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf, urefushe uwe:

options rtl8723be ant_sel=2 fwlps=0 ips=0

Zote mbili za mwisho ni za kuizuia chipu isilale. Washa upya.

Kama si 1 wala 2 iliyobadilisha kitu, hapo ndipo pa kuita fundi, na umwambie cha kufanya: afungue kifuniko cha chini aangalie kama waya wa antena umekaa kwenye kadi. Laptopu za mtumba zimefunguliwa mara nyingi, na kile kichwa kidogo cha waya, chenye upana wa milimita chache, huachwa kikielea pembeni. Kinabanwa kwa kukilinganisha wima na kukisukuma kwa ukucha mpaka kilie "tik". Asikichomoe na kukirudisha kwa majaribio, maana vichwa vya aina hii, U.FL, vimetengenezwa kuhimili kuchomekwa mara 30 hivi tu. Na kama Wi-Fi imeshapona kwa ant_sel, waya usihamishwe. Wapo wanaouhamishia kituo cha pili, Linux inapona, na siku mashine ikirudishiwa Windows ugonjwa unahamia huko.

Kuhusu kununua kadi ya ndani, jihadhari. BIOS (programu inayoiwasha mashine) za HP nyingi za zamani zina orodha ya kadi zinazokubalika. Ukiweka isiyomo, mashine inakataa kuwaka na kuandika "104-Unsupported wireless network device detected". Umetoa hela, na sasa hata laptopu haifunguki mpaka kadi itolewe. Kwa hali yako afadhali kijiti cha Wi-Fi cha USB, ila uliza chipu iliyomo badala ya kampuni iliyokitengeneza. AR9271 ya Atheros na MT7612U ya MediaTek zina draiva ndani ya kerneli ya Linux, unachomeka na kutumia. Zile za Realtek RTL8812AU na RTL8811AU, kwenye kerneli za zamani, zinadai draiva ya kujijengea, ambayo kila kerneli ikisasishwa inaweza kukuacha bila mtandao. Muuzaji asiyejua chipu iliyomo, mwombe akuruhusu uchomeke hapo dukani na uandike lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB.

Ikiwa lspci imekuonyesha Broadcom, tuko kwenye habari nyingine, ingawa dalili zake kwa kawaida huwa kali zaidi: hakuna mtandao wowote unaoonekana. Kwa ile ya BCM43142, yenye namba 14e4:4365, draiva haiji na mfumo. Chukua simu, iunganishe kwa waya wa chaji unaopitisha data, washa kushiriki intaneti kwa USB, na Mint itaitambua papo hapo. Bando la kawaida linatosha. Kisha:

sudo apt update
sudo apt install bcmwl-kernel-source

Ikiwa Secure Boot, ulinzi unaokataa draiva isiyoidhinishwa, imewashwa kwenye BIOS, usimikaji utakuomba utunge neno la siri, na ukiwasha upya utatokea ukurasa wa buluu. Unapewa sekunde kumi tu kubonyeza kitufe. Chagua "Enroll MOK" na uliandike neno lile. Ukichelewa, mashine inaendelea kuwaka kama kawaida, draiva inakataliwa kimya kimya, na wengi huishia kusema Linux haifai. Kama hutaki mlolongo huo, zima Secure Boot.

Mambo mengine mawili ya haraka, kwa sababu mtaani huchanganywa na haya. Wi-Fi ikizimika kabisa na kitufe hakiitikii, andika rfkill list. "Soft blocked: yes" inaondolewa kwa sudo rfkill unblock wifi. "Hard blocked: yes" haiondolewi kwa amri, tafuta kitufe chenye picha ya mnara, kwenye HP nyingi ni F12. Na ikiwa bado Windows umeibakiza kwenye diski hiyo hiyo, zima kipengele chake cha "Fast Startup", kwa sababu kinaiacha mashine nusu imelala na kadi inaweza kukutwa imefungwa Linux inapowaka.

La pili: umeme ukikatika na kurudi, ruta inayojichagulia chaneli inaweza kuangukia 12 au 13. Kadi zilizowekewa kanuni za Marekani hazifiki huko, hivyo simu inaiona Wi-Fi na laptopu haiioni, na unarudi kwenye kumlaumu fundi. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, kwenye masafa ya 2.4 GHz, ufunge chaneli kwenye 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza. Safu ya CHAN kwenye ile amri ya kupimia inakuonyesha wako wapi. Jina la pili la ruta, lile la 5 GHz, usilitafute kwenye RTL8723BE. Chipu hiyo haina masafa hayo kabisa.

Ukikwama, niandikie ukiambatanisha majibu ya lspci, alama ulizopima kabla na baada, na matokeo ya sudo dmesg | grep -i rtl. Picha ya kioo cha laptopu iliyopigwa kwa simu inatosha, mradi maandishi yasomeke.