Kabla hujaandika "Waislamu walimpinga Darwin"

Juzi nilikaa nyuma kwenye semina ya wanaoanza uzamili, nikasikiliza mapendekezo manne. Matatu yalifungua kwa sentensi ileile: "Wanazuoni wa Kiislamu walimpinga Darwin." La nne likamwita Shibli Shumayyil "mwanazuoni wa Kiislamu". Nikanywa chai yangu kimya, maana msimamizi wenu alikuwapo na mimi nina adabu. Hapa hayupo.

1. Shumayyil alikuwa Mkristo, jamani. Daktari wa Kishami, kasomea Beirut, na mwaka 1884 akatoa kwa Kiarabu maelezo ya Büchner, Mjerumani asiyeamini ila maada, juu ya Darwin. Hivyo wasomaji wengi wa Kiarabu walimpokea Darwin akiwa kashikwa mkono na Büchner: mageuko ya viumbe na dai kwamba hakuna kingine ila maada, vyote furushi moja. Usipolijua furushi hilo utadhani masheikh waligombana na nyani, kumbe waligombana na mtu anayewaambia hakuna roho. Kitabu chenyewe cha Darwin cha 1859, kile cha asili ya viumbe, Ismail Mazhar alianza kukitoa kwa Kiarabu mwaka 1918, tena sura tano tu.

2. Badilisha Hijria kwa uangalifu. Mwaka mmoja wa Hijria hukanyaga miaka miwili ya Miladia.

3. Piga kopi ya ukurasa wa jina. Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo nilipoumia.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na risala ya Jamaluddin al-Afghani, mwanafikra wa Kiislamu, ya kuwajibu Dahriya (wanaokana Mungu na kushikilia maada tu), Kiarabu, chapa ya Beirut, 1886. Nilikuwa na fotokopi, na ili kuokoa shilingi nilianza kukopi pale matini yanapoanza. Nikaweka tarehe mbili mezani: Shumayyil 1884, al-Afghani 1886. Miaka miwili katikati! Usingizi ukaniruka. Sura ya tasnifu ikajiandika yenyewe: al-Afghani kamsoma Shumayyil, kakasirika, kajibu. Nikatafuta vifungu vya kulinganisha, na ukivitafuta huvikosi. Ile dhihaka yake kwamba kwa mantiki ya Darwin kiroboto anaweza kuwa tembo baada ya karne nyingi, na tembo kiroboto, nikaiita "jibu la moja kwa moja". Hoja ya kwamba Waarabu na Wayahudi wametahiriwa maelfu ya miaka na watoto wao bado wanahitaji ngariba, nikaipa kurasa tatu. Jumla kurasa 38. Nilimpigia simu mama kumwambia nimegundua kitu.

Siku ya kuwasilisha, mzee mmoja wa idara, tuliyedhani amesinzia, akafungua jicho.

"Mwanangu, aliandika kwa lugha gani?"

"Kiarabu, mzee."

"Ukurasa wa jina uko wapi?"

"Sikuukopi, mzee."

Akaurudisha mwili kwenye kiti. Ikabaki feni ya darini inaongea peke yake.

Ukurasa wa jina ulikuwa na kila kitu. Imetafsiriwa kutoka Kifarsi, mfasiri Muhammad Abduh, akisaidiwa na Abu Turab, mtumishi wa al-Afghani. Kifarsi chenyewe kiliandikwa Hyderabad, India, mnamo 1881, kabla tafsiri ya Shumayyil haijatoka. Na walengwa hawakuwa madaktari wa Beirut. Walikuwa "neichari" (kutoka "nature" ya Kiingereza), jina la kejeli walilobandikwa wafuasi wa Sayyid Ahmad Khan wa Aligarh, Waislamu wenzake, aliowaona wanawafungulia Waingereza mlango. Kwenye Kiarabu neichari wakawa Dahriya, neno lenye harufu ya aya ya 24 ya Surat al-Jathiya, na ugomvi wa nyumbani India ukasomeka kama vita vya Uislamu na Darwin. Mimi nikaingizwa mjini pamoja na wengi. Sura ikafa, ikasalia tanbihi moja. Mama aliniuliza miezi mingi kuhusu ule ugunduzi.

4. Sheikh Hussein al-Jisr alikuwa wa Tripoli ya Lebanon. Lebanon! Mmoja wenu kampeleka Libya. Risala yake ya 1888, iliyobeba jina la Sultani Abdulhamid II, ina ngazi: dhahiri ya matini ni kwamba kila aina iliumbwa peke yake, dhahiri haiachwi kwa dhana, ikija hoja ya kukata, hapo taawili (kuipa matini maana isiyo ya dhahiri), na Mungu ni Muumba vilevile. Kwake hoja hiyo ilikuwa haijaja. Kila mwaka mtu hunukuu ngazi ya mwisho peke yake na kuandika "al-Jisr alikubali mageuko". Baba kasema "ukileta mahari tutazungumza", wewe umeshachapisha kadi za harusi.

5. Msimgandishe al-Afghani pale Hyderabad. Mazungumzo yake ya miaka ya mwisho Istanbul ni laini zaidi: anadai Waarabu walitangulia katika wazo la mageuko, na shahidi wake ni beti la mshairi wa kale al-Maarri. Ila yeye alifariki 1897, na al-Makhzumi, aliyeyaandika, akayachapisha 1931. Mnajua cha kuuliza: maneno ni ya nani hasa?

6. Anayetaka mada ya kwetu: Rashid Rida alikuwa mwanafunzi wa al-Jisr, na jarida lake la al-Manar lilisomwa Zanzibar na Mombasa, Sheikh al-Amin Mazrui akiwa miongoni mwa wasomaji. Fuateni uzi huo, mimi nimechoka.

Na wewe wa Shumayyil, usijifiche. Njoo Alhamisi, chai juu yangu. Zile kurasa 38 ninazo bado, nitakusomea ile ya kiroboto.