Mwanasesere wa bibi si takataka wala si ugonjwa

Ndugu uliyeuliza, nimeyasoma maelezo yako yote. Bibi yenu amepita umri wa miaka 80, anahamia kwa mwanawe, na katika vitu vyote anavyotakiwa kuvipunguza amekataa katakata kuachana na mwanasesere wa kitambaa aliyekuwa naye tangu utotoni. Ndugu zako wamegawanyika: mmoja anasema bibi ameanza kurudia utoto, mwingine anataka kumnunulia mwanasesere mpya ili yule mkuukuu atupwe, nawe unauliza nani yuko sahihi na hatimaye kitu hicho arithi nani. Jambo hili nimeishi nalo kwa pande mbili: kwa bibi yangu mzaa mama, aliyemtunza mwanasesere wake mpaka mwisho wa maisha yake, na kwa babu yangu mzaa baba, ambaye hakubakiwa na kichezeo hata kimoja lakini mapenzi yake kwa vichezeo vya utoto wake hayakupungua. Kwa niliyoyaona, ndugu zako wote wawili wamekosea, ingawa kila mmoja kwa namna yake.

Nianze na hofu ya maradhi, kwa kuwa ndiyo nyepesi kuijibu. Kupenda kitu cha utotoni, peke yake, si dalili ya akili kudhoofika. Cha kuangalia ni mabadiliko: mtu aliyekuwa hamjali mwanasesere akaanza ghafla kumlisha kwa kuamini kwamba ni mtoto aliye hai, anayepotea ndani ya nyumba aliyoizoea, anayerudia swali lile lile kila baada ya muda mfupi, au asiyewatambua tena watu wake wa karibu. Hapo daktari anahitajika. Lakini bibi anayejua vizuri kwamba alichokishika ni kitambaa kilichojazwa pamba, na bado anakitaka, hajapungukiwa na chochote. Tabia ya kuiona hamu ya mambo ya zamani kuwa ugonjwa si ngeni. Mwaka 1688 Johannes Hofer, mwanafunzi wa utabibu mjini Basel, aliandika tasnifu iliyoielezea hamu ya kurudi nyumbani kuwa ni maradhi kamili. Watafiti wa siku hizi, wakiwemo Constantine Sedikides na Tim Wildschut wa Chuo Kikuu cha Southampton, wamefikia karibu kinyume chake: kuyakumbuka ya kale kwa mapenzi humfanya mtu ajihisi yuko karibu zaidi na wenzake na kuyaona maisha yake kuwa na maana.

Sasa nije kwa yule ndugu anayetaka kununua mwanasesere mpya, maana hapa ndipo ninapoona hatari kubwa, hasa kwa sababu ana nia njema.

Mwanasesere wa bibi yangu alishonwa na mama yake kwa mabaki ya vitambaa. Alikuwa na jicho moja la kifungo, uso uliofifia kiasi kwamba mdomo haukuonekana tena, na begani palikuwa na mshono wa uzi mweusi uliokwenda mshazari, tofauti kabisa na mishono mingine yote, iliyokuwa ya uzi mweupe na midogo. Kwa miaka mingi alikaa rafuni tu. Bibi hakumshika mara nyingi wala hakumzungumzia. Aliridhika kujua kwamba yupo. Ukimwuliza anampendea nini, alijibu kwa maneno mawili, kwamba ni wake, na mazungumzo yakaishia hapo. Siku moja nikamwuliza swali jingine: nani alishona bega hili? Ndipo aliposimulia kwamba yeye na dada yake mkubwa walimgombania mwanasesere huyo mpaka mkono ukang'oka, na kwamba dada aliamka usiku, akatafuta sindano gizani, akatumia uzi wa kwanza uliomjia mkononi ili mama yao asijue kilichotokea. Dada huyo alifariki bibi akiwa bado msichana mdogo, na hakuna aliyewahi kumpiga picha. Mshono ule uliopinda ndio kazi pekee ya mikono yake iliyokuwa imesalia duniani.

Baada ya kusikia hayo nilielewa kwa nini hakuna mwanasesere mpya, hata awe mzuri namna gani, anayeweza kukaa mahali pa yule. Wala si jambo la wazee peke yao. Mwaka 2008 wanasaikolojia Bruce Hood na Paul Bloom walichapisha utafiti ambamo waliwaonyesha watoto wa miaka 3 hadi 6 mashine iliyodaiwa kuwa na uwezo wa kunakili kitu chochote kikawa viwili vinavyofanana kabisa. Watoto walioleta vichezeo vya kawaida waliridhia kuchukua nakala, lakini wengi wa wale walioleta kile wanacholala nacho walitaka kurudishiwa kile kile cha awali, na baadhi walikataa hata kukiruhusu kiingizwe ndani ya mashine. Ikiwa mtoto wa miaka minne anajua kwamba kufanana si kuwa kitu kile kile, itakuwaje tutarajie mtu aliyeishi miaka 80 akubali kubadilishiwa?

Wengine watakutajia Donald Winnicott, daktari wa watoto na mwanasaikolojia wa Uingereza, ambaye katika makala yake ya mwaka 1953 alieleza jinsi blanketi au mwanasesere anavyomsaidia mtoto mchanga kustahimili kutokuwepo kwa mama. Ni maelezo mazuri, ila yanahusu mwanzo wa safari. Winnicott mwenyewe alisema kwamba kwa kawaida kitu hicho hakisahauliwi wala hakiombolezwi. Hupoteza uzito wake polepole mtoto anapokua. Ninachoamini, kwa kuwatazama wazee wangu, ni kwamba uzeeni kinaweza kurudishiwa uzito, lakini kwa kazi nyingine. Utotoni kilimliwaza mtu mama alipokuwa chumba cha pili. Uzeeni kinashuhudia kwamba mama huyo alikuwepo. Fikiria pia kwamba takriban kila mtu mzima hana kumbukumbu za miaka yake mitatu hivi ya kwanza, na kwamba wazee wakiombwa wasimulie maisha yao huvuta zaidi matukio ya kati ya miaka 10 na 30. Kipindi cha kabla ya hapo ni chembamba mno kichwani, na waliokiona kwa macho yao, yaani wazazi, kaka, dada na majirani, karibu wote wameshaondoka. Kwa bibi yako, yule mwanasesere huenda ndiye mwenzake wa mwisho wa wakati ule. Robert Butler, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliandika mwaka 1963 kwamba kuyapitia upya maisha yaliyopita ni kazi ya kawaida ya uzee wala si kuzubaa, na mimi nimeona kazi hiyo ikienda kwa wepesi zaidi mtu anapokuwa na kitu cha kushika mkononi.

Babu yangu anathibitisha hilo kwa upande wa pili. Vichezeo vyake vyote vilipotea katika kuhamahama kwa familia yao, na vingi havikuwa vya kununuliwa tangu mwanzo: pia za mti za kuzungushwa kwa kamba, gololi alizoshinda kwa wenzake, kigari cha vipande vya bati. Alipostaafu alichukua kisu akachonga pia, akaitupa akaichonga nyingine, mpaka akapata iliyosimama sawasawa. Hakudai kamwe kwamba ni ile ya zamani. Kilichonishangaza ni mikono yake: alipoulizwa kamba huzungushwaje alishindwa kueleza kwa maneno, lakini akishapewa kamba vidole vilifanya vyenyewe, na pia ikazunguka sakafuni kwa muda mrefu. Kumbukumbu za stadi za mwili hudumu kwa namna yake, na mara nyingi hubaki imara hata pale majina na tarehe zinapoanza kupotea. Kwa hiyo msidhani mzee asiye na kichezeo cha zamani hana hamu hiyo. Mpeni mti, kamba, au karatasi na gundi, kisha mngojeni. Jumba la heshima la vichezeo lililo katika makumbusho ya The Strong mjini Rochester, jimbo la New York, liliingiza boksi la karatasi ngumu mwaka 2005 na kijiti mwaka 2008, na ninauona uamuzi huo kuwa wa haki kabisa kwa wale ambao utoto wao haukupitia dukani.

Kuhusu kumtunza mwanasesere mwenyewe, nitataja machache tu. Msimfue kwenye mashine, wala msizibe matundu yake kabla ya kumwuliza bibi, kwa sababu hamjui ni tundu lipi lenye habari. Mkihofia nondo, mfungeni ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, mkamweka katika friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili hivi, kisha mwacheni arudie joto la kawaida kabla ya kuufungua mfuko. Lakini bibi aelezwe mapema atakuwa wapi na kwa siku ngapi. Kama kuna vichezeo vingine, tazameni vimetengenezwa kwa nini. Rangi za zamani mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Marekani, kwa mfano, ilipiga marufuku rangi za aina hiyo kwenye vichezeo mwaka 1978, kwa hiyo kigari cha bati cha kabla ya hapo kisiachwe mikononi mwa mtoto anayetia kila kitu kinywani. Wanasesere wa seluloidi, aina ya plastiki ya zamani, hushika moto upesi sana, na wakianza kuoza hutoa mvuke wa asidi unaokula vyuma vilivyo karibu, hivyo wakae mbali na moto na wasifungiwe pamoja na vitu vingine.

Wajukuu na vitukuu watataka kucheza naye, na hilo ni jema likifanyika bibi akiwepo, yeye ndiye akimtoa na yeye ndiye akimrudisha. Pesa za yule ndugu anayetaka kununua mwanasesere mpya zitafaa hapa: amnunulie mtoto mwanasesere wa kwake wa kuvutwa na kuburutwa, na wa bibi abaki wa bibi.

Ikitokea siku moja bibi akapata maradhi ya usahaulifu, msiharakishe kumwondolea. Katika nyumba nyingi za kutunzia wazee, wagonjwa wa aina hiyo hupewa wanasesere, na baadhi yao hutulia na kuzungumza zaidi, ingawa kuna wauguzi na familia wanaohofia kwamba kufanya hivyo kunamshushia mzee heshima. Bibi yangu alifika hatua hiyo, na tulichofanya ni kumwacha yeye aanze: alipomwita mwanasesere kwa jina la dada yake hatukumsahihisha wala hatukumchochea, tulimwuliza dada anaendeleaje naye akatueleza.

Kwa siku ya kuhama, mwanasesere asiingie kwenye boksi wala kwenye gari la mizigo. Asafiri na bibi mwenyewe, na rafu yake iwe tayari katika chumba kipya kabla hajafika. Na kuhusu urithi, mwulizeni bibi sasa, akiwa na kauli yake, kisha jibu liandikwe pamoja na habari za kila mshono na kila doa, kwa sababu bila habari hizo mrithi atapokea kitambaa tu. Sisi tulikuwa na hakika kwamba bibi angemchagua mjukuu wake wa kwanza wa kike. Alimchagua binamu yangu wa kiume, mtu mzima na mkimya, kwa sababu ndiye pekee aliyewahi kumwomba amfundishe kushona. Hakuna aliyepinga, kwa kuwa alilisema mwenyewe mbele yetu sote.