Antena nne kwenye ruta, antena moja kwenye simu: kasi hutoka wapi?

SWALI: Mhandisi, ninaendesha saiba ndogo hapa Kondele, Kisumu. Niliuziwa ruta ya antena nne nikaambiwa kwamba inasukuma nguvu kuliko ile yangu ya zamani. Laptopu moja imeongeza kasi kweli, lakini simu yangu haijabadilika. Antena nyingi huongeza kasi kwa njia gani hasa? Na nikifunga antena ya 4G juu ya paa kwa ajili ya siku ambazo faiba imekatika, moja itatosha?

JIBU: Dada, ruta yako huenda ni nzuri, ila sababu uliyopewa si sahihi. Mwaka 1948 mwanahisabati Mmarekani Claude Shannon alithibitisha kwamba kila njia ya mawasiliano ina kikomo cha data inayoweza kupita, na kikomo hicho hupanda polepole mno nguvu inapoongezwa. Mahali ambapo mawimbi tayari yanasikika vizuri, ukizidisha nguvu mara mbili unajipatia takriban biti moja tu zaidi kwa sekunde katika kila hezi ya masafa. Aliyekuwa na biti sita anakuwa na saba. Ukuaji mkubwa ulipatikana miaka ya 1990, watafiti kama Gerard Foschini wa Bell Labs walipoonyesha kwamba antena kadhaa zikiwekwa pande zote mbili, ya anayetuma na ya anayepokea, zinaweza kupitisha mikondo kadhaa ya data kwa wakati mmoja na katika masafa yale yale. Teknolojia hiyo ndiyo MIMO, na iliingia rasmi kwenye Wi-Fi kupitia kiwango cha 802.11n cha mwaka 2009.

Jinsi mikondo hiyo inavyotenganishwa ndiyo kiini cha swali lako. Chukua ruta inayotuma namba mbili kwa pamoja, A kutoka antena moja na B kutoka ya pili. Zinachanganyika angani, kwa hiyo antena ya kwanza ya laptopu inapokea, tuseme, 5A + 2B, jumla yake 16, na ya pili inapokea A + 4B, jumla yake 14. Mwanafunzi yeyote wa sekondari atakokotoa na kukuambia kwamba A ni 2 na B ni 3. Zile 5, 2, 1 na 4 laptopu inazijua kwa sababu ruta hutanguliza ishara ambazo pande zote mbili zimekwisha kukubaliana. Lakini kama antena zote mbili za laptopu zingepokea mchanganyiko ule ule, 5A + 2B mara mbili, hesabu isingekuwa na jibu moja la hakika. Hata zikifanana tu kwa karibu, kelele kidogo ya mawimbi mengine huharibu jibu, na ruta hulazimika kurudi kwenye mkondo mmoja.

Kwa hiyo antena zinapaswa kusikia tofauti, na kinacholeta tofauti hiyo ni mawimbi kugonga kuta, mabati na vyuma vya madirisha kabla ya kufika. Zamani wahandisi waliyaona marudio hayo kuwa balaa, kwa sababu huweza kufutana. MIMO iliyageuza kuwa mali. Chumba chako cha Kondele chenye mabati pande zote kinaweza kukufaa zaidi ya uwanja mtupu. Usizilaze tu antena za ruta zikagusana: zinahitaji kuachana takriban nusu ya urefu wa wimbi, yaani sentimita 6 kwenye gigahezi 2.4 na kama 3 kwenye gigahezi 5.

Simu yako sasa. Idadi ya mikondo haizidi idadi ya antena za upande wenye chache, na simu nyingi za bei nafuu zina antena moja ya Wi-Fi. Ruta yaweza kuzitumia antena zake za ziada kuisikia simu hiyo vizuri zaidi ikiwa mbali, jambo ambalo lina faida, lakini mkondo utabaki mmoja. Tena antena nne za nje hazimaanishi mikondo minne. Tazama boksi: likiandikwa AC1200, kwa kawaida hiyo ni megabiti 300 za gigahezi 2.4 na 867 za gigahezi 5 zikijumlishwa, mikondo miwili katika kila mkanda. Fungua hali ya Wi-Fi kwenye laptopu ikiwa karibu na ruta kwenye gigahezi 5. Ikionyesha 433 ina mkondo mmoja, ikionyesha 867 ina miwili. Kifurushi chako cha faiba kikiwa cha megabiti 10, bila shaka tofauti hiyo utaiona tu unapohamisha mafaili ndani ya saiba.

Kuhusu paa, moja haitoshi. Ruta nyingi za 4G zina matundu mawili ya antena, na ukijaza moja tu unaupoteza mkondo wa pili. Vilevile ukiwa juu unauona mnara moja kwa moja, marudio ni machache, na tofauti lazima itafutwe kwingine: katika ulalo wa mawimbi, yaani upande ambao wimbi linatikisikia. Nyumba moja ya Riat ilikuwa na antena mbili zilizosimamishwa wima sambamba, vijiti vya mtandao vimejaa, lakini kasi ikiwa chini mno. Tulizilaza moja nyuzi 45 kulia na nyingine nyuzi 45 kushoto, kama antena nyingi za minara zilivyopangwa, na kasi ikakaribia maradufu bila kijiti hata kimoja kuongezeka. Nunua basi jozi, uzifunge hivyo, na kebo ziwe fupi, kwa maana kebo nyembamba ya mita nyingi hula mawimbi yote uliyoyapandia paa. Ikiwa saiba iko mbali na paa, ipandishe ruta yenyewe karibu na antena, kisha uteremshe waya wa mtandao hadi chini.