Nimepasuliwa pua, mbona mguu ndo unaniuma?

SWALI: Shikamoo dokta. Leo siku ya 6 tangu nifanyiwe upasuaji wa sainasi, puani naendelea vizuri ila toka jana mguu wa kushoto unauma kwenye shavu la mguu na umevimba kuliko mwenzake. Muda mwingi nalala tu maana niliambiwa nipumzike. Natumia vidonge vya majira. Dada anataka kunikanda na maji ya moto, je ni sawa?

JIBU: Marahaba. Mwambie dada asikukande wala kukusugua kabisa, na wewe nenda hospitali leo hii, usingoje tarehe ya kliniki. Mguu mmoja kuvimba na kuuma baada ya upasuaji unaweza kuwa ni damu imeganda kwenye mshipa wa ndani, na bonge hilo likichomoka linapanda mpaka kwenye mapafu, hapo mtu anaweza kufa ghafla. Watakupima mguu kwa ultrasaundi, haiumi.

Pua na mguu vinahusiana hivi: ukipasuliwa popote pale mwili unaongeza uwezo wa kugandisha damu ili kidonda kisivuje, halafu ukilala muda mrefu damu ya miguuni inatembea polepole, na vidonge vya majira vyenye estrojeni (homoni ya kike) navyo vinaongezea. Ni kweli kwa upasuaji mdogo wa masikio, pua na tonsili hili tatizo hutokea mara chache, wanaopata zaidi ni wale wa saratani ya koo au shingo wanaokaa saa nyingi kwenye meza ya upasuaji, wazee, wanene na waliowahi kuganda damu huko nyuma. Ila mara chache sio kwamba haitokei, na mimi naumia kila nikisikia mgonjwa kaambiwa "pumzika" akaelewa asitoke kitandani! Kupumzika ni kuacha kazi nzito, kutembea tembea ndani unatakiwa utembee.

Ukianza kukosa pumzi ghafla, kifua kikachoma ukivuta hewa, au ukakohoa damu, ni dharura, usijiambie ni damu ya puani imeshuka kooni.

Na tafadhali usijinunulie aspirini ukidhani unayeyusha damu, kidonda cha pua bado kibichi kinaweza kuvuja vibaya. Dawa za kuzuia damu kuganda zipo, heparini na nyingine, ila lazima daktari atakayekuona aongee na aliyekupasua wakubaliane dozi. Vidonge vya majira wataje mapema, watakuambia kama ubadili njia ya uzazi wa mpango.